Udiwani wa Kijijini Uingereza, na Kibanda Kimoja cha Basi

Mama alipopata habari kwamba nimekuwa diwani huku Uingereza alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akatulia, akauliza, "Gari wanakupa lini?"

"Hakuna gari, mama."

"Basi posho."

"Posho nayo hakuna."

Kimya kidogo. "Sasa mwanangu, udiwani gani huo?"

Niliingia mwaka 2019, na swali lile bado namjibu vipande vipande kila nikimpigia.

Jina lenyewe lilimchanganya. Waingereza husema halmashauri ya parishi. Mama ni Mwanglikana wa Magila, Muheza, na aliposikia parishi akajua nimepata cheo kanisani. Hakukosea sana. Zamani mambo ya kijiji huku, kuanzia barabara hadi msaada kwa maskini, yalikuwa mikononi mwa kikao cha kanisa. Sheria ya mwaka 1894 ikatenganisha: kanisa likabaki na ya kanisa, kijiji kikapata halmashauri yake ya kuchaguliwa, lakini jina la parishi halikuondoka. Leo England ina halmashauri za namna hii zipatazo 10,000. Nyingine ni za miji midogo, zina ofisi na wafanyakazi. Yetu ni ya kijiji chenye baa moja, kanisa moja na duka moja linalofungwa saa kumi na mbili jioni, huko mashariki mwa nchi, ambako upepo wa Januari hauna kitu cha kuuzuia.

Mimi si raia wa Uingereza. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, na kwa kuwa nyumbani hawaruhusu uraia pacha, niliamua zamani kutoibadilisha. Kibali changu cha kuishi huku hakina kikomo, kinanitosha. Kwa hiyo diwani mmoja alipohama na tangazo la nafasi yake likabandikwa kwenye ubao wa kioo nje ya ukumbi wa kijiji, nililisoma kama mtu anayesoma bei kwenye mlango wa hoteli ambayo hataingia. Karani wa halmashauri akanikuta pale, na funguo za ubao mkononi.

"Unafikiria kuomba?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi mgeni. Akauliza wa wapi. Nikasema Tanzania.

"Hiyo si Jumuiya ya Madola?"

Nilikuwa nimeishi Uingereza miaka kumi na mbili bila kujua kwamba raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali kama changu anaweza kupiga kura na kugombea udiwani. Awe na miaka 18, awe ameandikishwa kwenye daftari la wapiga kura la pale, au kwa miezi 12 iliyopita awe ameishi au kufanya kazi pale. Hata anayeishi nje ya mpaka, ilimradi asizidi maili tatu, kama kilomita tano, anakubalika. Hakuna dhamana ya fedha, wala huhitaji chama. Kwa nafasi iliyoachwa katikati ya kipindi, wakazi wana siku 14 za kazi. Wakijitokeza 10 wakataka uchaguzi mdogo, unafanyika. Kwetu hakujitokeza hata mmoja. Ikawa halmashauri yenyewe iteue mtu. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaitwa kikaoni, wakanyoosha mikono. Ushindi wangu wa kwanza wa kisiasa ulichukua kama dakika nne, na mpinzani wangu alikuwa kiti kitupu.

Mambo ya udiwani niliyokuwa nayo kichwani yalitoka kwa baba. Baba alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na nyumba yetu haikujua alfajiri tulivu. Hodi, mbuzi wa fulani amemaliza mihogo. Hodi, mume amerudi na mke wa pili usiku wa manane. Hodi, mpaka wa shamba la michungwa umesogezwa. Baba alikuwa akitoka na kikoi chake, anasikiliza, anasema "nimelipokea", na kabla ya jua kuwa kali keshatembea kwenda kuliona. Nilikua nikiamini kuwa hiyo ndiyo kazi: mtu analeta tatizo, wewe unalibeba.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, mama mmoja mwenye watoto wawili aliponisimamisha karibu na friji za maziwa dukani, akaniambia watoto wa kijiji wanasubiri basi la shule wazi kwenye mvua, kila asubuhi, nikamjibu kwa kifua: "Nitalishughulikia."

Neno hilo lilinigharimu miaka mitatu na nusu.

Kikao changu cha kwanza nilikwenda nimevaa kama naenda kwenye arusi. Ukumbi una baridi ya kukata masikio, kuna birika la chai, sahani ya biskuti, na meza mbili zimeunganishwa. Viti vya madiwani ni saba, tulikuwepo watano. Akidi ni theluthi moja, ila hata iweje wasipungue watatu, na nimewahi kukaa kikao tukiwa watatu hasa, mmoja akibanwa na kikohozi na sote tukimwangalia kwa hofu asije akaondoka. Nikakaa nikangoja "mengineyo". Kila Mtanzania anajua kwamba kikao halisi huanza kwenye mengineyo. Ajenda nyingine zote ni kupasha misuli. Ilipofika saa tatu usiku mwenyekiti akashukuru wajumbe na kuanza kukunja karatasi zake. Nikanyoosha mkono, nikaeleza watoto na mvua, nikaomba tuamue kujenga kibanda.

Wote wakanitazama kwa huruma. Karani ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, kwamba hatuwezi. Jambo ambalo halimo kwenye ajenda halmashauri hairuhusiwi kuliamulia, na ajenda hubandikwa siku tatu kamili kabla ya kikao, ili yule aliyeko nyumbani, ambaye huenda anapinga, ajue kuna kitu kinakuja. Nililiona kama ukiritimba mtupu. Baadaye nilibadili mawazo, nitaeleza kwa nini, lakini usiku ule nilirudi nyumbani nimenuna.

Nilinuna zaidi nilipoanza kuuliza ni nini hasa kilicho chetu. Makaburi ni yetu. Uwanja wa bembea za watoto, mabenchi, taa tano za njia ya kanisani, vishamba vya kukodi, na ule ubao wa kioo. Mashimo barabarani si yetu, ni ya kaunti, yaani kama mkoa wa huku. Takataka ni za wilaya. Mtu akitaka kuongeza chumba nyumbani kwake, wilaya inatuuliza maoni, tunatoa maoni, kisha inaamua inavyoona. Nikamweleza baba kwa simu. Alicheka sana. Halmashauri ya kijiji chake, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Inagawa mashamba, mkutano mkuu ukiridhia. "Ninyi hata dirisha hamwezi kuruhusu," akasema. "Mnakutana kunywa chai."

Nilijifunza sentensi moja ambayo madiwani wote huku huisema kwa aibu kidogo: barabara si yetu. Nimeisema dukani, baa, nje ya kanisa, mara moja nimeisema nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, maana msaidizi wake anaishi mtaa wa nyuma yangu. Ila niligundua kwamba watu hawachukizwi na sentensi hiyo kama isipokuwa ya mwisho. Barabara si yetu, lakini namba ya kuripoti ni hii, nimeripoti jana, nikijibiwa nitapita kwako. Kupita kwa mtu kumwambia kwamba bado hujajibiwa ni nusu ya kazi hii. Siku nyingine ni zaidi ya nusu.

Kubwa kuliko yote ambalo sikulijua: diwani peke yake hana mamlaka yoyote. Si machache, hana. Siwezi kumwagiza fundi abadilishe balbu. Halmashauri ndiyo inayoamua, ikiwa imekaa, na karani ndiye anayetekeleza. Karani wetu analipwa kwa saa chache tu kwa wiki, anafanyia kazi jikoni kwake, na anajua sheria kuliko sisi saba tukiwekwa pamoja. Mwaka wa kwanza nilikuwa namtumia ujumbe saa tano za usiku nikitoka zamu. Nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, usiku ndio mchana wangu. Siku moja akanijibu asubuhi: "Hili ni la kikao au ni la moyo tu?" Nikajifunza kutofautisha.

Basi, kibanda. Kukijenga tuliweza, ipo sheria ya mwaka 1953 inayoziruhusu halmashauri kama zetu kujenga vibanda vya abiria. Ila ukingo wa barabara ni wa kaunti, kwa hiyo idhini yao lazima. Fedha nayo haikuwepo. Fedha yetu hutokana na kiasi tunachoiomba wilaya ikusanye pamoja na kodi ambayo kila nyumba hulipa, na kiasi hicho hupangwa majira ya baridi kwa mwaka unaoanza Aprili. Ukichelewa kuingiza jambo kwenye bajeti, umejichagulia kusubiri mwaka mzima. Mimi nilichelewa. Halafu likaja korona.

Vikao vikahamia kwenye kompyuta, sheria ya muda ikaruhusu hadi mwanzoni mwa Mei 2021. Mwezi Februari mwaka huo video ya halmashauri ya Handforth, huko Cheshire, ikasambaa dunia nzima: wajumbe wakifokeana kwenye Zoom, mwenyekiti akimwambia Jackie Weaver, mama aliyekuwa akikiendesha kikao kama karani, kwamba hana mamlaka hapa, naye akimtoa kikaoni kwa kubonyeza kitufe. Mpwa wangu wa Dar akanitumia na ujumbe, "Mama mdogo, ndiyo kazi yenu hiyo?" Nikamwambia sisi hatuna wa kumtoa mtu, hata kuwasha kipaza sauti kwetu ni mtihani.

Kibanda kilipofika kikaoni rasmi ilikuwa vuli ya 2021, tumerudi ukumbini, madirisha wazi, makoti mwilini. Sasa kilikuwa kwenye ajenda, na ajenda ilikuwa ubaoni. Kwa hiyo akaja mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, ambaye hakuwahi kuhudhuria. Mwanzo wa kila kikao kuna robo saa ya wananchi, kila mtu dakika tatu. Akasimama, akasema kibanda kitakuwa kijiwe cha vijana, watavuta sigara, watachora kuta, na yeye anaishi mkabala. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu mazuri sana, nimeyaandika. Nikainua mkono, mwenyekiti akanipita, akaahirisha suala hadi mwezi unaofuata.

Nilitaka kujiuzulu. Si maneno ya kupamba, niliandika barua.

Haikutumwa kwa sababu ya baba. Nilimsimulia, akauliza, "Umekwenda kwake?" Nikasema alishaongea mbele ya watu, alichosema nimekisikia. "Mtu mbele ya watu anasema anachoweza kukisema mbele ya watu," baba akasema. "Nenda kwake."

Nikaenda Jumapili. Huku huendi kwa mtu bila kumwarifu, nikampigia simu kwanza. Nilibeba maandazi. Alinikaribisha jikoni, mbwa akaninusa viatu, na kwa dakika ishirini tuliongea habari za mbwa. Hapo ndipo akanitoa nje, akaniingiza kwenye gari lake, akasema, "Rudi nyuma mpaka getini." Nikarudi nyuma. Shingo yake haigeuki vizuri tangu alipoanguka kutoka ngazini kazini, na pale kibanda kilipochorwa, asingeona gari linalotoka upande wa kushoto hata kidogo. Tayari alikuwa amegongwa kidogo mara moja na hakumwambia binti yake, maana binti angemtaka aache kuendesha. Hilo angelisemaje ukumbini?

Tukasogeza kibanda mita sita. Mchoro ukabadilishwa, idhini ikaombwa upya, mafundi watatu wakatoa upya makadirio yao. Nyuma kukawekwa kioo badala ya mbao. Vijana hakuwataja tena, wala mimi sikumkumbusha. Na tangu siku ile sikulalamikia tena zile siku tatu za ubaoni. Kama tungeamua kwenye mengineyo nilivyotaka, kibanda kingejengwa haraka, pale pale pabaya.

Kuna mambo mawili mengine nitayataja kwa kifupi.

La kwanza ni vishamba. Nimekodi kimoja cha halmashauri, napanda mchicha na maboga, maboga kwa ajili ya majani hasa, majirani wa vishamba wanadhani nimechanganyikiwa maana natupa macho kwenye majani, wao wanangoja boga. Diwani hutakiwa ndani ya siku 28 kuandikisha maslahi yake: kazi, nyumba, ardhi anayokodi. Fomu huwekwa hadharani, na ukishiriki kujadili au kupigia kura jambo linalogusa mfuko wako bila kupewa ruhusa, ni kosa la jinai. Kodi ya vishamba ilipojadiliwa nikatangaza maslahi, nikatoka, nikasimama kwenye kijia chenye baridi, nasikia wanacheka ndani. Waliipandisha. Nikarudi nikakaa, hakuna aliyenitazama usoni.

La pili ni makaburi, na hapa naomba nisiharakishe sana. Jedwali letu la ada lilisema mkazi analipa bei moja, asiye mkazi mara mbili. Lina mantiki, kaburi ni ardhi, na ardhi inakwisha. Lakini mimi kazini kwangu nawaosha watu waliozaliwa vijijini, wakakaa miaka themanini katika nyumba moja, kisha miguu ikakataa wakaletwa mjini kwetu. Kwa jedwali lile, siku mzee anapopakiwa na begi lake moja kuja kulelewa, kijiji kinamfuta. Akifa, familia yake inamrudisha kama mgeni. Nyumbani mtu huyo angesafirishwa kutoka Mwanza hadi Muheza kwa michango ya ofisi nzima ili tu alale kwao. Nikaandika hoja ya mistari mitatu: aliyehama kijiji kwa sababu ya kwenda kulelewa ahesabiwe mkazi mpaka kufa kwake. Ilikuwa kwenye ajenda, kwa wakati. Wanne walikubali, mmoja hakupiga kura upande wowote, hakuna aliyepinga. Ilichukua dakika kumi. Mwenyekiti akahamia suala la kukata nyasi, na mimi nikaomba ruhusa kwenda msalani, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Mei 2023 ukawa uchaguzi wenyewe. Fomu ya mgombea udiwani wa kijiji inataka saini za wapiga kura wawili tu. Ya kwanza alitia yule mama wa friji za maziwa. Ya pili alitia fundi umeme, kwa kalamu yake mwenyewe, baada ya kusoma fomu nzima, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Wagombea tulikuwa sita kwa viti saba, kwa hiyo kura hazikupigwa. Nikampigia mama: nimepita bila kupingwa. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Huko nako?" Ilibidi nimwapie kwamba hakuna aliyeenguliwa, watu walikuwa hawataki tu.

Kibanda kilikuwa kimekamilika mwezi mmoja kabla. Watoto wakasimama ndani, mvua ikanyesha nje, mimi nikapita pale mara tatu asubuhi moja, bila shughuli yoyote ya kunipitisha njia ile. Vuli ya mwaka huohuo kampuni ya mabasi ikapunguza safari. Basi lililokuwa likipita kila saa sasa lapita mara mbili kwa siku, ukiacha lile la shule. Tuliandika barua, tukajibiwa kwa adabu. Mabasi si yetu.

Saa nyingine za mchana kibanda ni cha yeyote. Vijana hukaa, kama ilivyotabiriwa, na sigara huvutwa. Mzee naye hukaa na mbwa wake akirudi kutembea. Wiki iliyopita alinipungia mkono nikitoka zamu, nikasimamisha gari, nikateremsha kioo. Paa linavuja, akasema, pale pembeni, kona ya kulia, amelitazama vizuri na anadhani ni gundi ya kiungio, na kama halmashauri ina ngazi yeye angeweza kupanda mwenyewe akalimaliza leo leo.

Nikamwambia ngazi asiiguse. Kikao ni Jumanne ya wiki ijayo, ajenda inatoka leo Jumatano, saa chache zijazo. Nitampigia karani ikifika saa tatu, aliingize.

"Kwa hiyo litafanyika?" akauliza.

"Litajadiliwa," nikasema. Akacheka mpaka mbwa akabweka.